Afande Aliyeapa Kula Nasi

Tulimwita Afande, naye hakutaka kuitwa vingine. Jina alilopewa na mama yake, alisema, lilibaki Lodwar, na waliolishika watamrudishia siku atakapokwenda kulichukua. Kila aliposema hivyo alikuwa ameuweka mguu wake wa kushoto juu ya stuli yangu, nami nimeinama na kibano na chachi, na ingawa jua la Kakuma lilikuwa linapasua mawe huko nje, mikono yangu ilikuwa baridi.

Mimi ni muuguzi katika zahanati ndogo ya mjini Kakuma, si mbali na barabara wanayopita mabasi ya Kitale na Lokichoggio. Niliuosha mguu wa Afande kwa miaka mingi. Kwa hiyo usinitarajie nikueleze ukoo wake wala utoto wake, maana siujui. Nitamweleza kama nilivyomjua, kuanzia mguuni kwenda juu.

Lakini kwanza kuna jambo moja lazima ulielewe, au hofu yangu itakuchekesha. Kwetu Turkana, mtu aliyeua vitani hawi mzima mpaka aoshwe. Damu ya aliyemuua humfuata, humkalia mwilini, na akila na watu, damu ile huhamia kwao, kwa watoto wao na kwa mifugo yao. Ndiyo maana wazee humchinjia mbuzi, wakachukua majani yaliyosagika tumboni mwa mbuzi huyo na kumpaka kifuani, mikononi na miguuni. Baada ya hapo anaweza kushika mtoto. Anaweza kukaa na wanaume katika akiriket, ile nusu duara ya mchangani ambako nyama huliwa kwa mpangilio wa umri na heshima, na ambako sisi wanawake hatukanyagi. Asipooshwa, hana pa kukaa.

Afande alipigana ng'ambo ya mpaka, katika nchi ya Wasomali, akiwa na sare ya serikali. Aliporudi alishuka Lodwar akiwa bado na buti, akanunua mbuzi mweupe sokoni, akaenda naye moja kwa moja kwa wazee. "Nioshweni," akasema. Wazee wakakaa kikao. Aliyesema neno la mwisho alikuwa baba yangu.

"Sisi hatukukutuma," baba alimwambia. "Na kama ulikwenda vitani, ng'ombe uliowaleta wako wapi?"

Watu wakacheka. Mwanamume akirudi kutoka vitani hurudi na ng'ombe. Huyu alikuwa amerudi na mguu uliotobolewa na chuma. Baba akamalizia: "Damu hiyo ni ya serikali. Serikali imwoshe."

Wakati huo nilikuwa chuoni, nikijifunza uuguzi. Nyumbani nilisimuliwa kisa hicho kama utani, na ulikuwa utani mzuri. Baba ana ulimi. Hakuna aliyenisimulia mwisho wake. Mwisho wake nilikuja kuusikia Kakuma, kutoka kwa mwenye mguu.

"Nilimfungua mbuzi wangu," Afande aliniambia, "nikawaambia: hamtaki kuniosha, sawa. Lakini iko siku nitakuja kukaa katika akiriket yenu na kula nyama yenu. Nitakata kwa kisu changu, nitanywa katika kibuyu chenu. Mtakula damu hii pamoja nami, mpaka wajukuu." Kisha akapanda lori la kuja Kakuma na mbuzi wake.

Nilimuuliza, kwa sauti ya kazi, kama mtu anayeuliza habari za homa, kwa nini asiwasamehe.

"Sista, ningetaka kuua mtu mmoja ningetafuta bunduki. Bunduki huua mmoja mmoja. Nyama huua ukoo mzima."

Mimi ni Mkristo, na nimesomea vijidudu. Ningeweza kukwambia kwamba nilicheka moyoni. Sikucheka. Nilifunga bandeji, nikaifunga vibaya, nikaifungua, nikaifunga tena.

Sasa tazama alivyoishi mtu huyu aliyeapa kutuangamiza.

Alikuwa na kikombe chake cha bati, cha kijani, kilichochubuka ukingoni, na alikibeba kila mahali kikining'inia kwenye mkanda. Hakunywa katika chombo kingine chochote. Ndani ya kambi ya wakimbizi kulikuwa na mwenye duka Msomali aliyemuuzia sukari na majani ya chai, mtu mcheshi, na ukifikiria vita alivyopigana Afande utaona ni ajabu kwamba ndiye aliyekuwa rafiki yake. Siku moja nilikuwa dukani mwenye duka alipomwekea chai ya maziwa katika glasi. Afande akaichukua ile glasi kwa kitambaa, akaimimina chai yote katika kikombe chake.

"Wewe Afande!" mwenye duka akapiga kaunta. "Kila siku hivi hivi. Glasi yangu iko na sumu?"

"Glasi yako haina sumu."

"Sasa?"

"Sumu iko kwangu."

"Wallahi huyu mtu!" mwenye duka akanigeukia. "Sista, mpe dawa ya kichwa, mguu wacha."

Afande alicheka sana. Alikuwa na kicheko cha kupendeza, cha ghafla, kama mtu aliyekanyaga maji asiyoyatarajia. Lakini alipomaliza kunywa alipapangusa mahali kiwiko chake kilipokuwa kimegusa kaunta.

Kwenye bomba la maji alikuwa kamanda. Hakuna aliyemteua. Alisimama pembeni akipanga foleni kwa sauti ya gwaride: "Wenye watoto mbele! Wewe kijana, mtungi wako hauna mimba, rudi nyuma!" Na kijana alirudi. Akina mama kutoka Sudan Kusini walimpenda kwa hilo. Hata hivyo mtungi wake mwenyewe aliuweka mbali, peke yake juani, usiguse mingine, na aliteka maji wa mwisho, watu wote wakishaondoka.

Mmoja wa akina mama hao, jirani yake, alijifungua mtoto wa kike. Alimwona Afande ameketi kwenye ekicholong chake, kile kigoda kidogo ambacho wanaume wetu hukalia mchana na kuwekea kichwa usiku, akaona amfanyie heshima. Akamwekea mtoto mapajani bila kumuuliza, akageuka kuchukua kuni. Nilikuwa napita. Nilimwona Afande amenyoosha mikono yote miwili juu, kama mtu aliyetekwa, jasho likimtiririka, mtoto amelala mapajani mwake anatabasamu. Hakuweza kumshika wala hakuweza kusimama.

"Sista," aliniita kwa sauti ndogo sana. "Mtoe. Tafadhali. Mtoe kabla hajanizoea."

Nilimtoa. Siku hiyo niliondoka na swali ambalo sikuweza kulijibu: mtu anayeogopa hivi kumdhuru mtoto wa mgeni, anawezaje kuapa kuwadhuru watoto wa kwao? Nilijituliza kwamba hawezi. Kisha nikakumbuka kwamba mtu hukiogopa hivyo kitu anachokiamini kabisa, na hofu yangu ikarudi ikiwa kubwa zaidi.

Buti zake alizipaka rangi kila asubuhi, ijapokuwa kwa sababu ya bandeji alivaa buti moja na ndala moja. Hakumwita mtu yeyote adui. "Adui ukishajua anakula nini asubuhi," alisema, "amekuwa jirani tu, pengine jirani mbaya." Alimpeleka mbuzi wake malishoni mwenyewe, na yule mbuzi wa kwanza alipozeeka na kufa, akabaki na mtoto wake, kisha na mjukuu wake, wote weupe. Hakuwahi kuuza wala kuchinja. Njaa ilipokuwa kali nilimwambia achinje, ale. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Huyu ana kazi yake."

"Kazi gani, Afande?"

Alimvuta mbuzi kwa kamba, wakaenda zao. Na mimi, ambaye nilijua mbuzi mweupe alinunuliwa kwa kazi gani, sikuuliza tena.

Mbele yangu alikuwa mkali kuhusu jambo moja tu. "Glavu zako, Sista." Kabla sijagusa mguu alitaka aone glavu. Akiona mkunjo kwenye kidole aliniambia nibadilishe. Nikimaliza alinihesabia nikinawa: mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilidhani jeshini walimfunza usafi vizuri.

Kisha ukaja msimu ambao glavu hazikufika. Kidonda kilikuwa kimeoza na kilikuwa kinanuka, hakikuweza kusubiri. Nilinawa, nikashika mguu kwa mikono mitupu. Afande aliuvuta kwa nguvu hata beseni likapinduka.

"Hapana!"

"Afande, mguu huu utakatwa."

"Ukatwe!"

"Zamu yangu haukatwi. Kaa chini."

Alikaa. Nilisafisha. Usaha ulinipita vidoleni, damu pia, na yeye alifumba macho akitetemeka mwili mzima, mtu ambaye sikumsikia akigumia hata siku moja kwa maumivu. Baadaye hakwenda nyumbani. Alikaa nje ya zahanati ameegemea ukuta, ananitazama kupitia mlangoni, mpaka tulipofunga. Asubuhi nilimkuta pale pale.

"Umeamkaje, Sista?"

"Salama."

"Watoto?"

"Wazima."

"Mbuzi?"

"Afande, mimi sina mbuzi."

"Haya," akasema, akajikokota kwenda zake.

Glavu ziliendelea kukosekana msimu ule, na misimu mingine baadaye. Nilimwosha hivyo hivyo. Mwisho wa mwezi nilipanda gari kwenda Lodwar kumwona baba, nikampikia ugali na samaki wa ziwani, nikafua nguo zake, nikarudi. Baba hakuwahi kuniuliza kazi yangu ni kufanya nini hasa. Kwake muuguzi ni mtu wa sindano.

Nimekwambia niliuosha mguu kwa miaka mingi. Lazima nikueleze kwa nini ulichukua miaka mingi, maana hapo ndipo hofu yangu ilipokaa. Afande alikuwa amesema hatakwenda Lodwar akichechemea. "Mtu anayechechemea wanamhurumia. Sitaki waniambie pole. Nataka waogope." Alikuwa amenieleza wazi: mguu ukipona, siku hiyo hiyo safari inaanza. Kwa hiyo kila nilipofanya kazi yangu vizuri nilikuwa nasogeza lile jambo karibu na nyumba ya baba. Kidonda kikipungua upana wa ukucha, nilifurahi kama muuguzi na nikakosa usingizi kama binti.

Lakini kidonda hakikupona. Kilikuwa kinakaribia kufunga, kisha wiki inayofuata kimefunguka. Muuguzi hujifunza kusoma kingo za kidonda. Kingo zile hazikuoza zenyewe. Zilikuwa zimebanduliwa kwa kucha. Afande alikuwa anajifungua mwenyewe.

Sikumwambia kwamba najua. Yeye anabandua, mimi nafunga. Hivyo ndivyo tulivyokwenda, na moyoni niliona ni mapatano mazuri.

Kisha mwaka huu kidonda kikafunga. Ngozi mpya, nyororo, ya waridi. Wiki iliyofuata nilifungua bandeji, nikakuta bado kimefunga. Na iliyofuata. Afande aliutazama mguu, akanitazama.

"Umefanya kazi nzuri, Sista."

"Si mimi peke yangu," nikasema.

Alielewa. Akavuta soksi taratibu, akavaa buti ya pili, ambayo ilikuwa inang'aa kama mpya. Mlangoni akageuka. "Nasikia baba yako anamwoza binti mdogo. Fahali mkubwa, watu wengi, wazee wote."

Sikuwahi kumwambia Afande baba yangu ni nani. Alikuwa anajua siku zote. Alikuwa ameuweka mguu wake mikononi mwa binti wa mtu yule, miaka yote, na kuhesabu mikono ikinawa.

Nilikwenda kwenye harusi ya mdogo wangu. Nilitaka kumwonya baba, lakini ningemwambia nini? Kwamba mtu niliyemtibu amepona? Nyumbani kwetu, nje kidogo ya Lodwar, bwana harusi alikuwa amemchoma fahali mkuki asubuhi, na wanaume wameshakaa mchangani katika nusu duara, kila mmoja juu ya kigoda chake, nyama ikichomwa mbele yao. Sisi wanawake tulikuwa upande wetu. Nilikuwa nimempelekea baba chai, nikaikabidhi kwa mtu pale wanawake wanapokoma, nikageuka, nikasikia shangazi akisema, "Huyo nani anayekuja na mbuzi?"

Alikuwa anatembea vizuri. Niliutazama mguu ule miaka mingi juu ya stuli, na sikuwahi kuuona ukitembea hivyo: umenyooka, hauna haraka, buti zote mbili. Ilikuwa kazi ya mikono yangu. Mbuzi mweupe alimfuata kwa kamba.

Hakumsalimu mtu. Alikwenda moja kwa moja kwenye ncha ya nusu duara, mahali pa rika lake palipokuwa wazi, akaweka ekicholong chake, akakaa. Akatoa kisu. Kikombe cha kijani akakiweka mbele yake mchangani.

Wanaume wawili waliokaa karibu naye walisogea. Mmoja akanyanyuka nusu, akabaki hivyo, maana kukimbia akiriket ni aibu na kubaki ni kifo. Nilisikia mama mmoja akiwaita watoto kwa sauti ya chini, kama mtu anayeita kuku mvua inapokuja.

"Nani amemwita huyu?" baba akauliza.

"Si ni yule mgonjwa wa Sista!" akajibu mtu. "Nimewahi kumwona Kakuma, huyu ni mtu wa binti yako!"

Baba akageuka akaniita. Nilisogea mpaka pale tunapokoma.

"Unamjua?"

"Ni mgonjwa wangu, baba."

"Anaumwa nini?"

"Mguu. Umepona."

"Huo mguu wewe unaufanya nini?"

"Naosha."

"Kwa mashine?"

"Kwa mikono, baba."

Baba alitazama mikono yangu. Kisha akatazama chai iliyokuwa mkononi mwake, ambayo alikuwa amekwisha kuinywa nusu. Niliona fikira ikimpanda usoni polepole, kama mtu anayeona mto mkavu unaanza kulowa.

"Toka lini?"

"Miaka, baba."

"Na ule ugali wa mwezi uliopita?"

"Nilipika mimi."

"Na samaki?"

"Mimi."

"Na hii chai..." Akaimwaga. Mtu mmoja akacheka kwa woga. "Tumekwisha," baba akasema. Ulimi wake wote ulikuwa umekauka. "Miaka yote tunakula naye. Tumeshakula naye!"

Nilimtazama Afande. Kisasi chake kilikuwa kimetimia bila yeye kukata hata kipande. Alikuwa ameshika kisu, na uso wake haukuwa na ushindi hata kidogo. Ulikuwa uso wa siku ile ya mtoto mapajani.

"Sista," akasema. "Nilikwambia uvae glavu."

"Mbuzi!" baba alipiga kelele. "Mnangoja nini? Mkamateni huyo mbuzi! Haraka!"

Nataka uelewe vizuri kwamba haikuwa hekima, wala baba hakutubu. Ilikuwa hofu tupu. Wazee waliokataa kumwosha mtu mmoja sasa walikuwa wanasukumana kuoshwa wao. Mbuzi mweupe alichinjwa pale pale, tumbo likapasuliwa, na baba akatoka nje ya nusu duara, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, mikono imejaa majani yale ya kijani yenye moto. Alinianza mimi. Alinipaka viganjani, kwa nguvu, kwa hasira, akinung'unika kwamba nimesomeshwa bure. Akajipaka kifuani. Wengine wakafuata.

Afande alibaki wa mwisho, kama kwenye bomba la maji. Baba alisimama mbele yake, mikono bado imejaa. Mtu haoshwi bila kutajwa jina, ndivyo inavyofanyika.

"Jina lako nani vile?" baba akamuuliza, kwa sauti ndogo.

Afande alilitaja. Baba akalirudia kwa sauti ili wote wasikie, akampaka kifuani, akampaka mikononi, akapiga magoti kwa shida na kumpaka mguu wa kushoto, juu ya ngozi mpya. Jina hilo sitaliandika hapa. Alikwenda mbali kulichukua; ni lake.

Sijui kama tumeoshwa sawasawa. Mjomba aliugua kifua baada ya harusi, na nyumbani walinyamaza siku zile mpaka akapona. Bado kila simu ya Lodwar ikilia moyo wangu hushtuka.

Majuzi Afande alikuja zahanati. Hakuwa na kidonda wala mbuzi, na kwenye mkanda hapakuwa na kikombe. Alisimama mlangoni, kisha akaja mpaka mezani pangu akanyoosha mkono.

"Ejok, Sista."

Miaka yote alinisalimu mikono ikiwa nyuma. Mkono wangu wa kulia ulianza kwenda kwenye sanduku la glavu. Nikaurudisha, nikampa.

"Ejok-nooi, Afande."

Tulishikana kwa muda mrefu kuliko salamu inavyohitaji, kila mmoja akimtazama mwenzake usoni, akingoja kuona kama ataanguka.